Gemu limegoma, ninunue nini? Majibu kwa wasomaji wenye kompyuta za gemu

Barua nyingi za safari hii zina kilio kimoja: gemu jipya limetoka, kompyuta ya nyumbani imeshindwa kulibeba, na muuzaji amesema dawa ni mashine mpya. Nimejibu zile ambazo huenda zikawafaa na wengine. Mtaona narudia jambo lilelile kila mara, kwamba uliulize gemu lenyewe linadai kifaa kipi. Narudia kwa makusudi, kwa sababu pesa nyingi za vijana zinapotelea hapo.

Shikamoo fundi. Nina desktopu ya mtumba, ya zile zilizotumika maofisini Ulaya. Ni Core i5 kizazi cha 4, RAM 8, haina kadi ya grafiki. Nataka GTA V tu, basi. Dukani wananiambia mashine hiyo imekufa, ninunue nyingine. (Mwanafunzi wa chuo, Morogoro)

Marahaba, mdogo wangu. Mashine yako haijafa hata kidogo. GTA V ilipotoka kwenye kompyuta Aprili 2015, Rockstar, walioitengeneza, walipendekeza prosesa (ubongo wa mashine) ya Core i5-3470, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na kadi ya grafiki ya GTX 660 yenye GB 2. Prosesa yako ni ya kizazi kinachofuata hiyo, na RAM imefika. Kinachokosekana ni kadi peke yake.

Kazi ipo kwenye boksi na umeme wake. Desktopu za ofisini ziliundwa kwa ajili ya kuandika barua na kujaza majedwali, kwa hiyo pawa saplai zake, yaani visanduku vya kugawa umeme ndani ya mashine, ni ndogo na mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kama yako ni ile nyembamba ya kulazwa chini ya skrini, kadi ya kawaida haitaingia kabisa, bati lake ni refu kuliko boksi. Tundu la kadi kwenye mazabodi, yaani bamba kuu la ndani, hutoa umeme usiozidi wati 75. Tafuta kadi inayoishi ndani ya wati hizo: GTX 750 Ti ya 2014, GTX 1050 Ti ya 2016 au GTX 1650 ya 2019. Lakini usinunue kwa jina tu. Baadhi ya watengenezaji wameongeza tundu la waya wa pini 6 kwenye kadi hizihizi, na yenye tundu hilo haikufai. Kwa boksi jembamba, omba kadi ya kimo kifupi na uhakikishe bati lake fupi limo kwenye pakiti, kwa sababu wauzaji wa mtumba hulipoteza na kulipata peke yake ni taabu.

Jambo la pili linaniuma sana, kwa hiyo nilieleze vizuri. Kadi bandia za GTX 1050 Ti zipo sokoni. Nje zimeandikwa vizuri, ndani ni kadi ya mwaka 2010 au 2011, kama GTS 450 au GTX 550 Ti, iliyobadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la uongo. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, kisha fungua programu ya bure iitwayo GPU-Z. Tangu 2018 programu hiyo huzitambua nyingi na kuandika neno FAKE kabla ya jina la kadi. Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka.

Ukimaliza hilo, tazama kama RAM yako ya 8 ni kipande kimoja. Ikiwa ni kimoja, kiongezee mwenzake wa ukubwa uleule; prosesa hupitisha data kwa njia mbili badala ya moja, na GTA itatulia zaidi mjini penye magari mengi. Na wakati wa kupakua, kumbuka kwamba tangu Machi 2025 kuna matoleo mawili kwenye kompyuta. Lako ni lile la zamani lililopewa jina la Legacy. Lile jipya la Enhanced limeongezewa mambo ya mwanga ambayo mashine yako haina haja ya kuyabeba.

Kuna gemu lililowahi kuwafanya watu dunia nzima wabadilishe kompyuta, au hayo ni maneno ya wauza vifaa? (Msomaji, Tanga)

Yapo, na kila moja lilikuwa na kifaa chake. Mwaka 1993 Myst ilikuja ndani ya CD wakati kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa na tundu la flopi tu, na watu walinunua visomeo vya CD ili waicheze. Desemba mwaka uleule ikaja Doom. Hiyo ilidai prosesa ya 386 na RAM ya MB 4, megabaiti hizo, na ukitaka iteleze ulihitaji 486. Juni 1996 walewale id Software wa Texas wakatoa Quake, ambayo ilitegemea sana hesabu za desimali. Pentium ya Intel ilizipiga hesabu hizo haraka. Prosesa za Cyrix, zilizokuwa za bei nafuu na hodari kabisa kwa kazi za ofisini, zikaachwa mbali. Mtu alikuwa na kompyuta nzuri Jumatatu. Ijumaa akacheza Quake kwa jirani na kurudi nyumbani akiwa na kompyuta mbovu, ingawa hakuna skrubu iliyoguswa.

Januari 1997 wakatoa GLQuake, toleo la kuchezea kwenye kadi za 3D, na kadi ya Voodoo ya kampuni ya 3dfx ikawa ndoto ya kila mchezaji. Kadi ile haikuweza hata kuonyesha ukurasa wa kawaida wa Windows. Uliichomeka pembeni ya kadi yako ya kawaida, ukaziunganisha kwa waya, nayo ikaamka pale tu gemu la 3D lilipoanza. Watu waliinunua hivyohivyo. Kufikia Desemba 2000, 3dfx wenyewe walikuwa wameshindwa na kukubali kuiuzia Nvidia, washindani wao wa kutengeneza kadi, mali zao, jambo ambalo mwaka 1997 asingeliamini mtu.

Lakini jina lililobaki midomoni ni Crysis, ya Crytek wa Frankfurt, Ujerumani, Novemba 2007. Nilikuwa fundi mwanagenzi Kariakoo. Mteja mmoja alileta DVD yake na kutuomba tuiweke kwenye mashine yenye nguvu kuliko zote dukani. Tulipandisha mipangilio yote juu. Skrini ikaonyesha ufuko, minazi, mwanga ukipenya majanini, na majani yakipinda mchezaji anapopita. Picha zilikuwa kama tano au sita kwa sekunde. Hakuna aliyecheka wala kulalamika. Tulisimama tukaangalia majani. Mimi niliyekulia pwani sikuwahi kuona kompyuta ikichora mnazi unaofanana na mnazi.

Kwa nini ilikuwa nzito vile? Crytek waliweka mipangilio ya juu kwa ajili ya kompyuta za miaka ya mbele, si za siku ile. Hata 8800 Ultra, iliyokuwa kadi ya kileleni, ilihema. Halafu kuna jambo walilokadiria vibaya. Gemu liliandikwa likitegemea zaidi kiini kimoja cha prosesa, kwa matumaini kwamba gigahezi zingeendelea kupanda kama zamani. Intel na AMD wakageukia kuongeza viini badala ya kasi ya kiini kimoja. Ndiyo maana toleo lile la 2007 huweza kuyumba hata kwenye mashine za leo katika sehemu zenye mambo mengi, wakati kadi ya grafiki imekaa karibu bure.

Nina maoni yangu hapa. Walioinunulia Quake kifaa walifanya vyema, kwa sababu kadi ya 3D ilifungua magemu mengine yote yaliyofuata. Walioikimbilia Crysis mwaka 2007 walilipa bei ya juu kabisa kwa gemu moja ambalo hata hivyo halikutulia. Aliyevumilia miaka miwili alilicheza vizuri zaidi kwa pesa pungufu.

Mwanangu wa kidato cha tatu anasema kompyuta tuliyomnunulia haiwezi tena gemu la mpira, anataka mpya. Miaka miwili iliyopita alikuwa akicheza mpira kwenye kompyuta hiyohiyo. Ananidanganya? (Mama wa watoto watatu, Arusha)

Hapana mama, kijana anasema kweli, ila hajakueleza yote. FIFA 22 kwenye kompyuta ilikuwa bado ni toleo la kizazi cha PlayStation 4, na kadi ya chini iliyotajwa ilikuwa GTX 660. FIFA 23, Septemba 2022, ikahamia toleo la PlayStation 5, na kadi ya chini ikawa GTX 1050 Ti. Nafasi kwenye diski nayo ikaruka kutoka GB 50 hadi 100. Kwa hatua ile moja kompyuta nyingi za nyumbani zilitolewa uwanjani, na magemu ya EA Sports FC, jina jipya la FIFA, yaliyofuata hayakurudi nyuma.

Kabla ya kununua chochote, muulize anacheza na nani. Akicheza peke yake au na wadogo zake, FIFA 22 bado ni mpira mzuri, na wapo vijana wengi ambao hadi leo wanacheza PES 2013. eFootball ya Konami ni ya bure tangu 2021. Akiwa na wenzake wa mtandaoni ambao wote wamehamia FC mpya, hapo upweke wake ni wa kweli na nisingeupuuza. Mpeleke na kompyuta kwa fundi, aone kama inapokea kadi ya aina niliyomtajia mwanafunzi wa Morogoro, kuanzia GTX 1050 Ti. Kama ni laptopu, kadi haibadilishiki, na hapo mazungumzo ni mengine.

Nacheza Cyberpunk 2077. Nikiwa mguuni iko sawa, nikipanda gari na kukimbia gemu linaganda sekunde nzima kila baada ya mtaa. Rafiki kasema niongeze RAM kutoka 16 hadi 32. (Kijana wa Nyegezi, Mwanza)

Usinunue RAM. Maneno yako mwenyewe yameshataja ugonjwa: linaganda unapokimbia, maana yake mji unaletwa kutoka kwenye diski na diski haiwahi. Naamini bado una diski ya kuzunguka. Ile ina mkono unaosogea juu ya sahani kutafuta data, na kila safari huchukua karibu milisekunde 10. SSD, yaani diski ya chipu tupu, haina mkono. Hupata data kwa karibu sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Mwaka 2023 CD Projekt Red, Wapolandi waliolitengeneza, waliitoa diski ya kuzunguka kwenye orodha ya vifaa vinavyokubalika na kuweka SSD kama sharti la chini kabisa. Starfield, iliyotoka Septemba mwaka huohuo, ilidai SSD tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo usiniamini kwa maneno. Cheza dakika kumi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji (Performance). Diski ikiwa imegonga 100 kila gemu linapoganda, nunua SSD. RAM ikiwa imejaa zaidi ya asilimia 90, rafiki yako ana haki. Kadi ikiwa 98 au 99 muda wote, kadi ndiyo imefika mwisho, na njia ya bure ni kushusha vivuli na ukubwa wa picha. Kadi ikikaa 50 au 60 na bado gemu linasuasua, tazama prosesa. Fanya hivi kabla ya kila ununuzi, na umfanyie na huyo rafiki.

Assalamu alaykum. Niko Maskati. Nimenunua kadi mpya kwa ajili ya mwanga wa Cyberpunk, na ile ya zamani, RTX 3060 ya GB 12, nataka kumpelekea mdogo wangu Unguja. Anataka sana Indiana Jones and the Great Circle. Ana desktopu ya ofisini, Core i5 kizazi cha 8, RAM 8. Kadi itatosha? (Kaka mtu, Oman)

Waalaykum salaam. Zawadi njema, na kadi uliyochagua ndiyo hasa gemu hilo linayoidai. Tangu Nvidia walipotoa RTX za kwanza mwaka 2018, rei tresingi, yaani kukokotoa njia ya kila mwale wa mwanga kwa sehemu maalumu ndani ya kadi, ilikuwa pambo unaloweza kulizima kwenye magemu karibu yote. Indiana Jones, Desemba 2024, imeifanya sharti. Kadi ya chini ni RTX 2060 Super. GTX 1080 Ti ya 2017, iliyokuwa mfalme na yenye GB 11, haitimizi sharti hilo kwa sababu haina sehemu hiyo ndani yake, hata kama kwenye magemu mengine ingali inaipita kadi yenye sifa hiyo. Naona hii ndiyo hatua kubwa ya kulazimisha watu kubadilisha kadi tangu zama za Voodoo. Safari hii lakini wengi walikuwa tayari wanazo, miaka sita imepita, kwa hiyo silaumu watengenezaji.

Sasa upande wa mdogo wako. RTX 3060 hula wati 170 na Nvidia hupendekeza pawa saplai ya wati 550. Ya kwenye desktopu ya ofisini haifiki huko. Nyingi za mashine hizo pia zina waya wa umeme wa muundo wao wenyewe kwenye mazabodi, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida inaweza isichomeke. RAM inayodaiwa ni 16, diski iwe SSD yenye nafasi ya GB 120, na prosesa iliyotajwa kwa upande wa AMD ni Ryzen 5 3600. Core i5 yake iko chini ya hapo. Ukimpelekea kadi peke yake, utakuwa umemfungia bajaji injini ya lori.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Mwambie auze desktopu ile ikiwa nzima, inapata mteja haraka kwa kuwa kizazi cha 8 kinapokea Windows 11 bila shida. Pesa hiyo, na nyongeza kidogo kutoka kwako, itafutiwe mazabodi ya kawaida, Ryzen 5 3600 ya mtumba, RAM 16 na pawa saplai ya jina linaloaminika. Kwenye pawa saplai msibane matumizi. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, ya bei chee huondoka na kila kilichochomekwa humo. Mnunulie na UPS, ile betri ya akiba, hata ndogo.

Kadi ibebe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, usiiweke kwenye sanduku la mizigo. Na huko Unguja mashine isikae dirishani kwa upande wa bahari. Nimefungua kompyuta za Forodhani na Shangani ambazo chumvi ilikuwa imetafuna shaba mpaka rangi ya kijani, na wenyewe walidhani zimeungua kwa umeme.

Nilipandisha Windows 11 kwenye desktopu yangu ya kizazi cha 6 kwa ujanja. Sasa Valorant inakataa kufunguka. Ninunue mashine ya kizazi cha 8? (Dada mchezaji, Mombasa)

Dada, weka pesa yako kwanza. Valorant kwenye Windows 11 hudai vitu viwili viwe vimewashwa: TPM 2.0, yaani sehemu ya usalama ya mashine, na Secure Boot, yaani ukaguzi wa mfumo wakati mashine inawaka. Ni ulinzi dhidi ya wadanganyifu, na Battlefield 6 ya Oktoba 2025 nayo imedai Secure Boot. Mashine nyingi za kizazi cha 6 zina TPM ya ndani ya prosesa ila imezimwa. Ingia BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, tafuta neno PTT (kwenye AMD huitwa fTPM), iwashe. Kisha tazama diski: kama imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, Secure Boot haitakubali mpaka igeuzwe kuwa GPT. Windows ina amri yake ya kugeuza, mbr2gpt, lakini nakili kwanza kila kitu chako mahali pengine. Kama huna mazoea, mpe fundi, si kazi ya saa nzima.

Kuhusu nguvu, gemu hili ni jepesi mno. Lilipotoka Juni 2020 lilitaja Core 2 Duo na grafiki ya ndani ya Intel HD 4000 kuwa zinatosha kulifungua. Ukibaki na pesa, nunua skrini ya hezi 144, yaani inayobadilisha picha (fremu) mara 144 kwa sekunde. Kwa gemu la kulenga na kuwahiana, macho yako yatafaidi hiyo kuliko kadi yoyote, mradi mashine inafikisha fremu hizo. Na kama adui anakuua kabla hujamwona, hiyo mara nyingi ni safari ya data hadi kwenye seva, na hakuna kifaa cha ndani ya boksi kitakachoifupisha.

Nimeweka pesa kando kwa ajili ya GTA VI. Ninunue kompyuta sasa nikae tayari? (Msomaji, Nairobi)

Usinunue. Rockstar waliitangaza kwa PlayStation 5 na Xbox Series X na S. Sasa tazama desturi yao. GTA IV ilitoka kwenye konsoli Aprili 2008, kwenye kompyuta Desemba. GTA V ilitoka Septemba 2013, wenye kompyuta wakangoja hadi Aprili 2015, miezi 19. Red Dead Redemption 2 ilichukua mwaka mzima, Oktoba 2018 hadi Novemba 2019. Kadi utakayonunua leo kwa ajili ya gemu la kesho itakuwa imezeeka mikononi mwako huku ikingoja. Subiri hadi Rockstar wachapishe orodha ya vifaa vya toleo la kompyuta, ndipo utoe pesa. Kama huwezi kungoja, basi linalokufaa ni konsoli, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Wewe mwenyewe fundi, gemu gani lilikufanya ufungue pochi? (Wengi mmeuliza, wa kwanza alikuwa msomaji wa Bagamoyo)

Microsoft Flight Simulator, ya Agosti 2020. Ina dunia nzima, imechorwa kwa picha za angani kutoka ramani za Bing, na sehemu kubwa ya picha hizo huzipokea kwa intaneti wakati unaruka. Mashine yangu ilikuwa na GTX 970, kadi ileile waliyoipendekeza, lakini RAM ilikuwa 8 na wao walipendekeza 16. Niliongeza RAM na SSD, kadi nikaiacha. Kulipakua ndiyo ilikuwa kazi, maana lilitaka nafasi ya GB 150 na mimi nilikuwa natumia bando. Nilibeba kompyuta hadi kwa rafiki mwenye faiba, ikakaa kwake siku mbili.

Baba yangu ni mtu wa Rufiji, hajawahi kupanda ndege. Jumapili moja nilimketisha mbele ya skrini, nikapaa kutoka Dar es Salaam na kuelekea kusini nikifuata pwani. Nyumba za vijijini gemu hilo huzibuni lenyewe, kwa hiyo sikutegemea ataona paa analolijua. Ila mto ulikuwepo. Tulipofika juu ya delta, pale maji yanapogawanyika mikono mingi ndani ya mikoko kabla ya kuingia baharini, aliinuka kwenye kiti. Akaanza kutaja mikono ile kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na kuniambia ni upi walipitisha mitumbwi na ni upi ulikuwa na viboko. Mimi nilikuwa nimeshapita, naelekea Mafia. Akanigusa bega akasema, geuza ndege, turudi pale kwenye kona.